Fundi wa Njiti za Mwavuli

Ukitaka kujua alizaliwa wapi, usiniulize mimi. Mtaa mzima wa Majengo ulikuwa na majibu, na hakuna mawili yaliyofanana. Mmoja alisema baba yake alikuja na reli kutoka Tanga, mwingine akasema ni mjukuu wa wapagazi wa Kinyamwezi, wa tatu akaapa kwamba ni Mmanyema kabisa. Yeye mwenyewe akiulizwa alijibu, "Mimi ni wa hapa, si unaona nimekaa hapa," kisha akarudi kwenye kazi yake. Tulimwita Fundi. Moshi ya siku zile ilikuwa na mafundi wa cherehani, wa uashi, wa saa na wa viatu, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, mtu alikuelekeza kwenye ua mmoja nyuma ya msikiti, mahali ambapo injini zililazwa juu ya magunia.

Nilimjua zaidi ya miaka kumi, na katika miaka hiyo nilimkosea mara moja. Mara hiyo moja ilitosha. Alikuwa na kitu kimoja cha kujivunia, nacho ni sifa kwamba kipimo chake hakikosei, na mimi ndiye niliyemvunjia sifa hiyo mbele ya watu, kwa uongo, kisha nikanyamaza miaka minane. Hapa nitamsifu sana, maana alistahili. Ila msomaji ajue tangu mwanzo ni mtu gani anayesifu.

Mimi nilikuwa karani wa spea. Nilishuka kutoka Marangu na cheti cha shule ya misheni na suruali moja nzuri, nikapata kazi katika duka la vipuri vya magari karibu na stesheni. Mwenye duka alikuwa Mhindi mpole, mwenye kusikia kwa sikio moja, na alituamini wafanyakazi wake kuliko tulivyostahili. Kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma ya meza na kile kitabu kinene cha spea kilichotoka Ulaya, chenye picha ya kila nati na namba yake. Nilikipenda kitabu kile. Sisi tuliosoma misheni tulilelewa kuamini kwamba kilichochapwa ni kweli, na hapa nilikuwa na kurasa mia kadhaa zilizochapwa ambazo mjini pale wachache tu waliweza kuzisoma. Mtu alitaja gari na mwaka wake, mimi nikafungua, nikaweka kidole, nikasema namba. Nilijiona mkubwa mno.

Fundi hakujali kitabu. Kwake hukuweza kwenda na jina la kitu. Dereva akifika akasema, "Fundi, nataka pampu ya maji," Fundi alinyoosha kiganja na kusema, "Lete maiti." Maana yake ni ile pampu ya zamani, iliyokufa, aione na kuishika. Dereva akisema ameitupa, alimrudisha akaitafute. Namkumbuka dereva wa lori la kahawa aliyerudishwa hadi Himo, akaja kesho yake na pampu ndani ya kikapu cha ndizi, amechoka na amenuna, na Fundi akampa chai kwanza kabla hajaitazama. Halafu aliigeuza polepole akamwonyesha ilisuguliwa upande gani, ikapata moto wapi, na kwa nini mpya ya namba ileile ingekufa vilevile baada ya mwezi. Shida ilikuwa kwenye mhimili wa injini unaoizungusha, ambao ulikuwa umepinda. Dereva yule alikwenda zake ananung'unika, lakini sikumsikia tena akitupa kitu.

Kwa magari mapya mambo hayo yangekuwa upuuzi. Lakini magari yetu hayakuwa mapya. Wakati wa vita spea hazikuja kabisa, meli zilikuwa na kazi nyingine, na kila gari lililopanda mlima lilikuwa limepita mikononi mwa watu wengi. Hili limevaa gia boksi ya lile, lile limechongwa silinda zake Arusha, jingine lina mguu wa mbele wa lori la jeshi. Mwaka wa gari ulibaki kwenye karatasi tu. Fundi alilielewa hili kabla yetu sote, na ndiyo sababu alikuwa anaanza na chuma chenyewe.

Na sasa nije kwenye njiti. Upana wa ndani wa silinda, yaani lile tundu ambamo pistoni hupanda na kushuka, ndicho kipimo kigumu kuliko vyote, maana pistoni ikipwaya gari linafuka moshi na kukosa nguvu, na ikibana inakwama na kuvunja kila kitu. Fundi hakuwa na chombo cha kizungu cha kupimia. Alikuwa na miavuli mibovu. Wanawake wa Majengo walimletea miavuli iliyokufa, naye aling'oa zile njiti za chuma, akazihifadhi ndani ya debe. Alikata njiti ndefu kidogo kuliko tundu, akazungusha ncha zake kwa tupa, akaijaribu ndani ya silinda, akaitoa, akasugua kidogo, akaijaribu tena. Kazi hiyo ilichukua asubuhi nzima, na ole wako umsemeshe. Njiti ikisimama yenyewe katikati ya tundu bila kushikwa, na karatasi ya sigara ikakataa kupita kwenye ncha, alisema, "Wameelewana." Hakuvuta sigara, aliwagombeza wavutaji kila siku, na kila siku aliwaomba karatasi.

Injinia mmoja wa shamba la katani alisikia habari hiyo akaja na mikrometa yake kwenye boksi lenye kitambaa cha bluu. Alipima njiti tano, akapima silinda zake tano, akafunga boksi. Alimshika Fundi mkono. Tangu siku hiyo hata mwenye duka alisema, "Njiti ya Fundi ikija, agizeni bila kuuliza."

Alikuwa na ukaidi uliofurahisha, mradi haukuelekezwa kwako. Kulikuwa na mlowezi mwenye gari la zamani la wazi, alilolipenda kuliko mbwa wake. Alileta pistoni nne mpya, ziko kwenye karatasi zake za mafuta, akataka zifungwe siku hiyohiyo. Fundi alizibeba zote nne mpaka kwa muuza mchele, akaziweka kwenye mizani mbilimbili. Tatu zilikuwa sawa. Ya nne ilizidi kwa punje tisa za kahawa. Akazirudisha kwenye boksi.

"Hawa si wa tumbo moja, bwana," alisema. "Watagombana humo ndani."

Mlowezi alikasirika. Alisema zimetoka kiwandani, na kiwandani hawakosei.

"Kiwanda kina watu, bwana. Huyu wa nne labda walimtengeneza jioni, wamechoka."

Yule bwana alitaka kuendelea kukasirika lakini alishindwa, akacheka. Fundi aliikwangua ile nzito kwa ndani mpaka ikawa sawa na wenzake, na gari lile lilikimbia miaka mingi bila kuugua.

Basi mtu makini kama huyo, ungedhani nyumba yake imenyooka. Thubutu. Mlango wa chumba chake haukufunga, ulizuiwa na jiwe, na kitanda chake kilikuwa na mguu mmoja wa tofali. Mkewe, Mama Zuhura, aliniambia mara moja, "Karani, mume wangu anajua unene wa karatasi ya sigara, lakini hajui kwamba mvua inaingia ndani." Saa nazo hakuzijua. Aliahidi kazi Ijumaa baada ya sala, na hakuwahi kusema Ijumaa ipi. Watu waligombana naye, wakaapa kumhama, na mwezi uliofuata walikuwa pale pale wamekaa kwenye gunia wakinywa chai yake. Injini alizitukana kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Binadamu sikumsikia akimtukana hata mmoja.

Tena aliogopa magari. Ndiyo, aliogopa. Hakujua kuendesha na hakutaka kujifunza. Mchungaji wetu wa Marangu alikuwa na gari jeusi la umbo la sanduku, kuukuu, aliloachiwa na mmisionari aliyerudi kwao. Lilikuwa gari lake kwa jina tu. Kazi yake kubwa ilikuwa kuteremsha wagonjwa wetu hospitali, maana siku zile ukizidiwa kule juu ulikuwa na njia mbili tu, gari la Mchungaji au mabega ya majirani. Mara moja Fundi alilitengeneza breki, na Mchungaji akashikilia wapande wote mpaka juu ili azijaribu mwenyewe. Mimi nilikuwa nyuma, napata lifti ya kwenda nyumbani. Kila kona Fundi alifumba macho na kusoma dua kwa sauti, na Mchungaji, kwa kuona mwenzake anaomba, naye akaanza kuomba kwa namna yake, huku anaendesha.

"Mchungaji," Fundi alisema bila kufumbua macho, "wewe niombee baadaye. Sasa hivi tazama njia."

Tulipofika, Mchungaji alimshika mikono yote miwili akamshukuru kwa Kichaga, "Aika mbe, aika sana," na wake kwa waume wakatoka kwenye vihamba, mashamba yao ya migomba, kumtazama mtu aliyeponya gari la wagonjwa. Alipewa mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, akala bakuli tatu, na akakataa kabisa kurudi kwa gari. Alishuka kwa miguu hadi Himo akalala huko.

Gari hilohilo ndilo nililomkosea nalo. Ilikuwa miaka michache baada ya vita. Lilianza kufuka moshi mweupe na kushindwa kupanda, Fundi akafungua, akaona pistoni zimekwisha. Alikuja dukani saa nne asubuhi, jua kali, naye amevaa koti zito na anatetemeka. Mkononi alikuwa na njiti iliyofungwa kwenye kitambaa.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Karani, kipimo cha gari la Mchungaji ni hiki. Usije ukaikunja."

"Fundi, una homa. Nenda ukalale."

"Nakwenda. Nimepima kabla haijanizidi. Agiza kwa hii."

Alipoondoka niliilaza njiti juu ya rula ya dukani, kitabu kikiwa wazi pembeni. Kitabu kilikuwa na kipimo chake. Njiti ilizidi kipimo hicho kwa unene wa ukucha. Nilijua ukurasa unaofuata ulikuwa na pistoni kubwa zaidi, za injini zilizochongwa. Nilichopaswa kufanya ni kufunua ukurasa mmoja. Lakini nilikuwa kijana, nimejaa herufi kichwani, na niliona aibu kwamba oda inayokwenda hadi Ulaya ijazwe kwa kufuata njiti ya mwavuli iliyokatwa na mzee mwenye homa, wakati kitabu kinasema vingine. Nikajaza namba ya kitabu. Kwa akili yangu nilikuwa nimemsahihisha. Njiti nikaitupa kwenye pipa pamoja na nyasi za kufungashia.

Boksi lilifika baada ya miezi minne. Kesho yake asubuhi Fundi aliingia dukani na pistoni imefungwa kwenye leso, Mchungaji yuko nyuma yake. Mwenye duka alikuwepo, na madereva wanne au watano waliokuwa wakisubiri spea zao. Fundi aliiweka pistoni mezani.

"Inapwaya," alisema. "Nimeiachia, imeanguka mpaka chini. Karani, njiti yangu iko wapi?"

Nilielewa palepale nilichofanya, chote, kuanzia ukurasa ambao sikuufunua. Na mdomo wangu ukasema, "Njiti imepotea, Fundi. Lakini tuliagiza kwa kipimo chako. Ndicho ulicholeta."

Mwenye duka alinitazama, akamtazama Fundi. Hakuwa na sababu ya kutoniamini. Alisema kwa upole, na upole wenyewe ulikuwa mbaya zaidi, "Fundi, kila mtu anakosea. Kuanzia leo karani atapima na wewe."

Nilingoja Fundi apige meza. Nilingoja aseme kwamba njiti yake haijawahi kukosea, amwite injinia wa katani, anitazame usoni mbele ya watu wote. Badala yake aligeuza mkono wake wa kulia, akautazama kiganja, kisha mgongo wa mkono. Akasema, "Siku ile nilikuwa na homa." Akafunga pistoni kwenye leso, akatoka.

Mimi nilifahamu hivi: mzee huyu anajua kila kitu, na ameamua kunisitiri. Hataki kijana wa watu afukuzwe kazi. Nilimpenda sana siku hiyo, na nilijichukia, na sikufanya lolote. Niliona kwamba nikienda kumwambia ukweli nitamharibia zawadi aliyonipa. Ajabu mtu anavyoweza kujipangia maneno mazuri ya kubakia mwoga.

Gari lilikaa juu ya mawe miezi mitano zaidi. Mchungaji alitembea kwa miguu na fimbo yake kwenda kuona wagonjwa, na wagonjwa walibebwa. Jumamosi moja napanda kwenda nyumbani, mvua inanyesha, nilikutana na machela njiani. Wanaume sita walikuwa wamembeba mama mwenye uchungu wa kuzaa, wamefunika kwa majani ya migomba, wanateleza kwenye matope. Nilisogea pembeni wapite. Mmoja alinifahamu, akaniuliza kwa kuhema, "Ndugu, gari litapona lini?" Nilisema sijui. Mama yule alijifungua salama, nashukuru Mungu kwa hilo kila mwaka, lakini sauti yake ya uchungu ilinifuata mpaka nyumbani, na sikula.

Aliyemaliza shida ile ni Fundi. Alizunguka mashamba ya katani kwa miguu, kuanzia Kahe na kuendelea, na begi la njiti begani, akifukua vyuma vilivyotupwa kwenye majani. Katika rundo moja alikuta injini ya lori la aina nyingine kabisa, na ndani yake pistoni nne zilizozidi kidogo tu. Yule injinia alimruhusu kutumia mashine ya kukereza. Alizipunguza, akazijaribu, akazipunguza tena, siku tatu. Kitabu changu kingesema pistoni hizo haziingii kwenye gari hilo hata kwa miujiza. Ziliingia, wakaelewana, na gari jeusi likapanda Marangu likiwa limejaa watu wanaoimba. Sijaona kazi nzuri kuliko ile. Hata hivyo, mjini niliwasikia wakisema, "Amejitahidi kurekebisha kosa lake."

Baada ya hapo alibadilika, nami nikalitafsiri kila badiliko vizuri. Alianza kukata njiti tatu kwa silinda moja, kwa siku tatu tofauti, na kumwita fundi mwenzake azikague. Nikasema, tazama uangalifu wa mzee huyu, unazidi kila mwaka. Aliacha kuwajibu madereva haraka, aliulizwa kitu akasema, "Ngoja niangalie tena." Nikasema, huo ndio unyenyekevu. Halafu akakataa injini kabisa. Alihama Majengo akaenda mtaa wa Njoro, akawa anaziba ndoo na kutengeneza majiko ya mafuta ya taa. Watu walisema ni macho, naye hakubisha. Nilipita kwake siku moja nikamwona akitunga uzi kwenye sindano ya mkewe kwa mara moja tu, bila hata kuinamisha kichwa. Nililiona hilo, nikalipita.

Mimi nami niliacha duka, nikarudi Marangu kwenye kahawa yangu. Binti yangu alianza shule. Jioni moja aliniletea kibao chake cha hesabu, amekosa tatu kati ya tano, nikamkemea. Akanijibu bila wasiwasi, "Lakini baba, hata Fundi wa njiti alikosea."

Nilimwuliza amesikia wapi maneno hayo.

"Shuleni. Wote tunasema. Hata mwalimu anasema."

Alikuwa hajawahi kumwona Fundi. Alikuwa hajazaliwa siku ile ya pistoni. Mtu aliyepima maisha yake yote bila kosa sasa alikuwa kisingizio cha watoto wa mlima mzima, na kisingizio hicho nilikitengeneza mimi. Sikuweza kumkemea tena. Asubuhi nilikata mkungu wa ndizi, nikashuka.

Nilimkuta uani kwake Njoro, amekaa kwenye kigoda, anaziba ndoo ya jirani. Alikuwa amekonda. Nilimwamkia, akaitikia, akafurahi kuniona, akauliza habari za Mchungaji na za gari. Nikasema bado linapanda. Akatikisa kichwa taratibu kwa kuridhika.

"Fundi," nikasema, "nimekuja kwa jambo la zile pistoni. Kipimo chako kilikuwa sahihi. Mimi niliagiza kwa kitabu. Njiti niliitupa."

Aliacha kupiga nyundo.

Niliendelea kwa haraka, maneno niliyoyapanga njiani. "Najua ulijua. Najua ulinisitiri mbele ya watu nisifukuzwe kazi, na sijawahi kukushukuru. Nimekuja kukushukuru na kuomba radhi."

"Nilikusitiri vipi?"

"Ulisema ulikuwa na homa."

"Nilikuwa na homa," alisema.

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, na hapo ndipo nilipoelewa. Hakuwa amenisitiri. Aliniamini. Miaka minane aliamini kwamba mkono wake ulimdanganya siku ile, na kama ulimdanganya siku ile ungeweza kumdanganya siku yoyote, na hiyo ndiyo sababu ya njiti tatu, na ya fundi wa kukagua, na ya ndoo hizi.

"Ilizidi kitabu kwa kiasi gani?" aliuliza.

"Unene wa ukucha."

Alifumba macho. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vinasuguana polepole, kama vimeshika kitu chembamba. "Ndiyo," alisema. "Ukucha. Silinda iliyochongwa mara moja. Ndivyo nilivyoikata." Kisha akaita, "Mama Zuhura! Mama Zuhura, njoo hapa."

Mama Zuhura alitoka na unga mikononi. Alinitazama mimi, akatazama uso wa mumewe, akasimama.

"Karani," Fundi akasema, "rudia uliyosema."

Nilirudia. Kusema mbele yake ilikuwa vigumu zaidi, lakini nilisema yote, kitabu, ukurasa, pipa, na uongo wangu mbele ya mwenye duka. Mama Zuhura alikaa chini pale pale mlangoni, akafuta macho kwa mgongo wa mkono, unga ukabaki shavuni.

"Nilimwambia," alisema, si kwangu. "Kila usiku nilimwambia."

Jirani mwenye ndoo alikuwa amefika kuichukua, akasimama hajui aingie au arudi. Fundi alimwonyesha kwa mkono aingie. Akamsogezea kigoda chake mwenyewe, akabaki amesimama, ameunyoosha mgongo.

"Kaa, bwana, usikilize," alimwambia. Kisha akanigeukia. "Tena, Karani."

Nikarudia tena.